Kutia giaboksi ya gia tano kwenye Datsun 620 yenye L18: ya dizeli au ya petroli?

Mwenye620
Wakuu, hamjambo. Nina pikapu ya Datsun 620, injini L18 (ya petroli, familia ya L), giaboksi ya gia nne ya sakafuni. Difu (gia za ekseli ya nyuma) ni 4.375 (nimehesabu meno, 35 kwa 8), tairi 185R14. Inabeba kilo mia tano hivi, Nairobi hadi Nakuru mara mbili kwa wiki, na ikipita 90 injini inalia mpaka redio haisikiki.

Kirinyaga Road nimeonyeshwa giaboksi mbili za gia tano. Moja imetoka kwa 720 (pikapu ya Nissan iliyokuja baada ya 620) ya dizeli, injini SD22. Ya pili ni ya 720 ya petroli yenye injini ya Z, lakini bei yake karibu ni mara mbili. Muuzaji anasema zote "zinakaa tu, ni kufunga bolti". Je, ya dizeli itashika L18? Propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) nayo inakatwa au inabaki? Na klachi nitumie ya nani? Sitaki kukata chesi.

Giaboksi71
"Zinakaa tu" ni maneno ya mtu ambaye hatakuwepo siku ya kufunga. Moja inakaa, nyingine inakaa baada ya kazi.

Zote mbili zikiwa FS5W71B (aina ya giaboksi ya Nissan ya gia tano, kwa kifupi 71B), ndani ni ndugu. Hiyo 71 ni umbali wa milimita kutoka senta ya shafti kuu hadi senta ya kaunta shafti (shafti ya chini inayozungushwa na ile ya kuingilia). Kinachotofautiana ni uso unaoshikana na injini, kwa sababu kwenye 71B belihauzi (kengele inayofunika klachi) imemwagwa kipande kimoja na ganda la mbele. Huwezi kuifungua peke yake kama ilivyo kwenye Toyota nyingi. Ganda la SD22 lina mpangilio wake wa bolti na halishiki L. Ganda la Z linashika L, kwa kuwa bloku za Z zilitokana na L na matundu ni yaleyale.

Basi ya petroli unaifunga moja kwa moja. Ya dizeli inabidi uhamishe ganda: unatoa la gia nne yako na kulivika kwenye gia tano. Hilo linawezekana tu kama gia nne yako pia ni 71B. Ukikuta yako ni F4W63 (gia nne ya aina nyingine), ganda lake halivuki kwenda kwa 71, na hapo ya petroli ndiyo rahisi hata kwa bei mara mbili.

Ukionyeshwa pia ya Hardbody D21 (pikapu ya Nissan iliyoifuata 720), angalia vizuri: nyingi ni 71C, toleo la baadaye. Ganda la 71B halikai juu ya 71C bila kukerezwa upande wa beringi ya kaunta shafti. Na iliyotoka kwa D21 yenye injini ya KA24 ina belihauzi nyingine kabisa.

Mwenye620
Yangu ni F4W71B, yaani gia nne ya 71B, nimeona alama. Kuhamisha ganda ni kazi ya siku ngapi, na kinachoharibika ni nini?

Giaboksi71
Nusu siku kwa mtu asiye na haraka. Mwenye haraka huchukua siku tatu, maana hurudia.

Mwaga oili, toa foku ya klachi (uma unaoisukuma) na kola (bomba fupi linalobeba beringi ya kuachilia klachi). Fungua kava ndogo ya mbele iliyozunguka shafti ya kuingilia. Ndani yake utaona beringi kubwa yenye sakilipu (ringi ya kufungia), na chini yake beringi ya kaunta shafti yenye shimu (kisahani chembamba cha kujazia nafasi) mbele. Shimu hiyo ishike kwenye kibahasha na uandike imetoka kwa boksi ipi. Toa sakilipu. Halafu nenda nyuma: weka gia katika fri (nyutro), toa plagi za springi za kurudishia na kiungo cha lever, ufungue bolti za mkia (ganda la nyuma). Mkia ukitoka kidogo, zungusha ile fimbo ya kuchagulia gia ili ulimi wake utoke kwenye nafasi za foku, ndipo uvute. Ukivuta kwa nguvu ulimi ukiwa ndani, utapinda foku na hutajua mpaka gari liwe barabarani linaruka gia.

Ganda la mbele sasa limeshikwa na pini na gundi tu. Gonga kwa nyundo ya plastiki huku na huku kwenye masikio yake. Bisibisi usiingize katikati ya nyuso hata kidogo, aluminiamu ikishachanika itavuja maisha yote. Likitoka, gia zote zinabaki zimesimama kwenye ile pleti ya katikati. Usizifungue. Huna sababu ya kuzigusa kama hazina kelele.

Sasa linganisha kabla hujavika: kipenyo cha beringi ya kaunta shafti na tundu lake kwenye ganda lako, kisha urefu wa shafti ya kuingilia kutoka kwenye beringi hadi ncha, kipenyo cha ncha, na meno ya klachi. Pleti ya klachi ya L yako ina meno 24. Ya dizeli ikitofautiana katika lolote kati ya hayo, shafti ya kuingilia ya gia nne yako haihamishwi kiholela, kwa sababu idadi ya meno ya gia yake inakwenda sambamba na kaunta shafti. Mtu akikuambia "badilisha tu shafti ya mbele" bila kuhesabu meno, mpe chai aende.

Shimu ya kaunta shafti ndiyo watu huipuuza. Ganda ni jingine, kwa hiyo kina ni kingine. Ukiwa umevika ganda, pima kwa venia (kipimo cha sehemu za milimita) kutoka uso wa ganda hadi uso wa beringi, ulinganishe na kilichokuwa kwenye ganda la dizeli, uongeze au upunguze shimu kwa tofauti hiyo. Ikiwa nene sana beringi inabanwa na kupata moto. Ikiwa nyembamba, kaunta shafti inacheza mbele na nyuma, na gia ya helikali (yenye meno ya mshazari) ikisukumwa utasikia mlio kila ukikanyaga na kuachilia mafuta.

Sili ya kava ya mbele na ya mkia, mpya zote mbili. Pleti ya katikati inafungwa kwa silikoni nyembamba, si karatasi.

KlachiNgumu
Naongeza la klachi, maana kwa wengi kazi hii hukwama hapa na lawama huangukia giaboksi.

Ile kola ambayo rilisi beringi imepigwa juu yake haiendi na giaboksi. Inaendana na presha pleti (kifuniko chenye springi kinachobana klachi). Presha pleti za Nissan za miaka ile zina urefu tofauti, na kola ziko fupi na ndefu za kufidia. Ukichukua giaboksi ya 720 pamoja na kola yake, ukaifunga kwenye presha pleti ya L18, vipimo vinapotea.

Kola ikiwa fupi, foku inafika mwisho wa safari kabla klachi haijaachia. Utakanyaga mpaka sakafuni na rivasi bado inakwaruza. Fundi atabadilisha silinda ya klachi ya chini, kisha ya juu, kisha atatoa hewa mara tano. Ikiwa ndefu, beringi inabaki imeegemea vidole vya presha pleti wakati wote: inalia, inaungua, na klachi inateleza ukipakia.

Kwa hiyo tumia presha pleti yako na kola yako ya sasa, zote mbili, kama klachi ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Ukinunua klachi mpya, fanya kipimo hiki mezani: funga presha pleti kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na pleti ya klachi ndani, weka kola na beringi juu ya vidole, pima kutoka uso wa flaiwili hadi mahali foku inapogusa kola. Kwa 71B na injini za L jumla hukaa karibu milimita 92. Ukipata 86 au 98, tafuta kola nyingine, usifunge ukitumaini.

Presha pleti inakazwa kwa Nm 15 hadi 22, kwa mzunguko wa msalaba, kidogo kidogo.

Halafu bushi ya nyuma ya krenki, ile ya shaba inayoshika ncha ya shafti. Badilisha hata kama inaonekana nzuri. Kuitoa huhitaji kifaa: jaza tundu grisi, tafuta chuma cha mviringo kinachoingia bila nafasi, piga kwa nyundo. Grisi inaisukuma itoke yenyewe. Mpya iloweke kwenye oili ya injini usiku mmoja. Usiipake grisi, itarukia pleti.

Wakati wa kuingiza, giaboksi lazima ifike mwisho kwa mikono, uso kwa uso, ndipo bolti ziguse. Ikibaki sentimita mbili na mtu akaanza kuvuta kwa bolti, amevunja kitovu cha pleti au ukingo wa belihauzi. Pleti haikukaa katikati. Toa, panga upya.

PropelaSawa
Swali la pili halijajibiwa. Propela inakatwa, ndiyo, kwa sababu gia ya tano inakaa nyuma ya pleti ya katikati, ndani ya mkia, na mkia unakuwa mrefu. Lakini usimpe fundi nambari uliyoisoma popote. Mikia ya 71B iko ya aina kadhaa.

Kama 620 yako ina propela ya vipande viwili na sentaberingi (beringi inayoishikilia katikati), anayekatwa ni wa mbele. Wa nyuma usiguswe.

Utaratibu: funga giaboksi na mauntini zake (raba za kuishikilia), gari lisimame kwa matairi yake, si kwenye stendi, maana ekseli ikining'inia urefu ni mwingine. Ingiza yoki (kichwa cha propela chenye meno) kwenye mkia mpaka igote, irudishe nje milimita 20 hadi 25. Hapo ndipo yoki inapaswa kukaa. Pima kutoka senta ya krosi (kiungo cha msalaba) ya yoki hadi uso wa flenji ya sentaberingi. Hicho ndicho kipimo unachompelekea mkerezaji, na umpe na yoki yenyewe mkononi ahakikishe meno yanaingia kwenye giaboksi mpya.

Mwambie apige alama ya senta kwenye bomba kabla ya kukata ili yoki zirudi katika mstari mmoja. Zikipishana hata kwa digrii chache, gari litatetemeka na hakuna balansi itakayoliponya. Baada ya kuchomelea, izungushwe kwenye mashine ya kukereza na kupimwa kwa dayo geji (saa ya kupimia mpindo) karibu na mshono. Ikivuka nusu milimita, inyooshwe kabla ya kubalansiwa. Kuna wanaochomelea juu ya stendi mbili na kukuambia iko sawa kwa jicho. Jicho halioni nusu milimita.

Krosimemba (chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi): mauntini ya giaboksi mpya itakuwa nyuma zaidi. Toboa matundu mapya kwenye masikio ya krosimemba, au utengeneze sahani za kuunganisha za chuma cha milimita 6, zifungwe kwa bolti za daraja la 8.8. Chesi haichomelewi wala haikatwi, kwa hiyo hapo uko salama. Kisha pima pembe: weka kipimo cha pembe kwenye uso wa mkia na kwenye difu. Zisipishane zaidi ya digrii 1. Mtetemo unaokuja ukianza kuondoka na mzigo, kisha unapotea, ni pembe au raba ya sentaberingi. Unaokuja kwa kasi ileile, mfano 75, uwe gia ya nne au ya tano, ni propela yenyewe.

Lever itatokea nyuma kidogo. Kaa kwenye kiti, uiingize ya pili, ya nne na rivasi kabla hujakata sakafu. Kiti cha benchi ndicho huwa kinagongwa.

Mwinuko2200
Mimi nina neno tofauti kidogo. Mnampa namna ya kufunga lakini hakuna aliyeuliza uwiano wa gia ya tano yenyewe ni ngapi.

Za 71B zinatoka karibu 0.75 hadi 0.86, yaani mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja wa propela. Kwa difu ya 4.375 na tairi zako, kwa kilomita 100 gia ya nne inazungusha injini karibu 3,680 kwa dakika. Tano ya 0.86 inashusha hadi kama 3,170. Ya 0.75 inashusha hadi 2,760. Kwenye karatasi ya pili inavutia. Lakini wewe huendeshi Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Limuru inapita 2,200, na injini ya kabureta isiyo na tabo inapoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kupanda kutoka Kikuyu na kilo mia tano, L18 tayari imepoteza moja ya tano ya nguvu zake. Ukiwa na 0.75 utakuwa unaitumia kutoka Naivasha hadi Gilgil, basi. Kwingine unarudi ya nne, na mafuta hayapungui kwa sababu unakanyaga mpaka chini kuitunza hiyo tano.

Kwa hiyo tafuta inayokaribia 0.82 hadi 0.86. Kupima ni rahisi, hata pale kibandani: ingiza gia ya tano, weka alama ya chaki kwenye shafti ya kuingilia na kwenye shafti ya mkiani, zungusha ya mbele mara 10 kamili. Mkia ukizunguka mara 11 na nusu hivi, ni 0.86. Ukizunguka 12 na robo pungufu kidogo, ni 0.82. Ukifika 13 na zaidi, iache hapo.

Fanya hivyo kwa ya kwanza pia. Mizunguko 10 ikitoa 2.8 hivi, ni 3.59, ya pikapu, nzuri kwa mzigo. Ikitoa 3.3, ni ya gari la mbio, na kuondoka mlimani ukiwa umepakia kutakuchosha klachi.

Na breki: kama mbele bado ni ngoma, hizo kilomita 100 zifikirie mara mbili. Kushuka Mai Mahiu gia ya tano haina kazi yoyote.

KlachiNgumu
Nakubaliana na hesabu. Ila kwenye oili kuna watu watamwambia GL-5 (daraja la oili ya gia) kwa sababu "ni ya juu zaidi". Siyo. Ringi za sinkro (zinazolinganisha kasi za gia kabla hazijashikana) za 71B ni za shaba. GL-5 nyingi zina viambato vya salfa vinavyoshambulia shaba ikipata moto, na pia ni telezi kupita kiasi, ringi zinashindwa kushika na gia zinakwaruza. GL-4, 75W-90 au 80W-90. Gia tano inameza lita 2, si 1.7 ya gia nne, kwa hiyo usinunue kopo moja na nusu. Jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la pembeni, gari likiwa tambarare.

Giaboksi71
Mawili madogo yanayosahauliwa. Spidomita: hamisha ule mche mdogo wa plastiki na shati lake kutoka kwa boksi lako la zamani, kwa kuwa idadi ya meno yake ilichaguliwa kwa difu yako. Shati lina nafasi zaidi ya moja kulingana na meno, likiingia vibaya mche unasagika siku ya kwanza. Kebo huenda ikawa fupi, maana mkia umesogea. Kisha uhakiki kasi kwa GPS ya simu kwenye Thika Road, saa tano asubuhi ambapo magari yanatembea.

La pili, swichi. Boksi ya 720 inaweza kuwa na swichi mbili au tatu. Ya taa ya rivasi ni ile inayofunga mzunguko ukiingiza rivasi pekee. Itafute kwa taa ya majaribio ukiwa bado mezani. Zilizobaki ziache zimefungwa mahali pake hata kama huzitumii, ukizitoa oili inatoka.

Mwenye620
Asanteni sana. Nimerudi leo na chaki. Ya petroli: mizunguko 10, mkia umezunguka 12 na kitu, kabla ya robo. Ya dizeli: 12 pia, karibu sawa kabisa. Ya kwanza zote ni 2.8 hivi. Lakini ya dizeli nikiizungusha kwa mkono ikiwa katika tatu inanguruma kidogo, ikiwa katika nne iko kimya.

Giaboksi71
Hiyo ni kaunta shafti. Katika ya nne nguvu inapita moja kwa moja na kaunta inazunguka bure bila mzigo, ndiyo maana inanyamaza. Katika zingine zote inabebeshwa. Kwa bei yake bado inaweza kufaa ikiwa ni beringi tu, maana ganda utalifungua hata hivyo. Beringi zina nambari ubavuni, unanunua kwa nambari. Lakini kwanza fungua plagi ya chini na uchovye sumaku. Unga mweusi kama grisi ni kawaida ya umri. Ukitoa vipande vinavyomeremeta vyenye kona, hayo ni meno, na usiichukue hata ukipunguziwa.

PropelaSawa
Na ya petroli ishike shafti ya mbele, uisukume juu na chini. Kucheza kidogo sana kando ni sawa, haina bushi ya krenki ya kuishika. Ikicheza ndani na nje ukisikia "tok", sakilipu au beringi imekwisha. Pima na mkia: yoki ikiingia, itikise. Ikipepea kama ulimi wa kengele, bushi ya mkia imelika, na sili mpya haitakaa mwezi.